Alama Nusu

Moshi, wiki ya tatu ya mvua,
bati la kliniki linaongea kuliko sisi sote.
Naahirisha dakika kumi. Huwezi kupima maneno ya mtoto
chini ya bati la namna hii.

Anasubiri bila kelele: Melkiori, miaka sita na miezi minne,
soksi moja ya njano, ya pili imebaki kwenye tope la Kiboriloni
ambako mama yake anauza mitumba ya watoto.
Shule imeandika kwenye karatasi ya daftari:
mzito, haelewi, apimwe.
Shangazi alisema ni udata, ulimi ukatwe.
Ulimi nimeuona. Hauna deni na mtu.
Masikio yalipimwa wiki iliyopita, mazima,
yanasikia hata kitufe kikidondoka kwenye mkeka.

Tunaanza. Rudia ninachosema,
ni maneno ya bure, hayana maana, usiitafute.
Dosi. — Dosi.
Mukape. — Mukape.
Telimbosa. Anatazama dari. — Te. Tembosa.
Kadigunepi.
Mvua inamjibia.

Picha zilikuja na kitabu, kitabu kilikuja na ndege.
Mtoto anateleza juu ya barafu kwa viatu vyenye visu.
Melkiori ananyoosha kidole dirishani, juu, kwenye wingu,
pale Kibo kilipojificha tangu Jumapili.
Kitabu kilitaka anateleza.
Naandika sifuri, na kalamu inakwaruza.

Huyu mama anafanya nini?
Mama ndizi kata.
Na jana alifanya nini?
Mama ndizi kata.

Vimedondokea wapi vile vidogo vyote,
a, na li, na zi, visivyo na uzito,
ambavyo mdogo wake wa miaka mitatu anavirusha kama kokoto?
Alizikata: silabi tano,
na ndani yake mtu, jana, ndizi, kisu.
Kwetu neno moja ni nyumba nzima.
Yeye ameshika kitasa.

Mama anauliza kwa sauti ya kuomba radhi:
labda lugha mbili zinamchanganya, tuache moja?
Namgeukia bibi, aliyeteremka jana kutoka Rombo
na mkungu wa ndizi ambao bado uko mlangoni.
Na kwa Kirombo, bibi, anasemaje?
Vilevile, anasema. Kama mtu anayelipa deni kidogokidogo.
Basi si lugha mbili. Msiache hata moja.

Halafu, sijui kwa nini, labda ni uchovu,
nikamwomba anifundishe jina la mkungu ule.
Akalitamka. Mimi, mzaliwa wa Urambo, nikalirudia.
Bibi akaziba mdomo kwa kanga.
Nikarudia. Mama naye akainama.
Mara ya tatu Melkiori akanitazama
kama nilivyomtazama yeye asubuhi nzima,
akalisema neno polepole, kipande, kipande,
kisha akanyamaza. Akanisubiri.
Hakuandika chochote.
Mara ya nne nikapatia nusu.

Fomu yangu haina nusu.

Nimejaza: tatizo la ukuaji wa lugha.
Mama amelisoma mara mbili, ameuliza kama ni ugonjwa wa kurogwa,
nimesema hapana; kama linapona,
nikasema linasaidiwa, nikaona
jinsi maneno hayo mawili yalivyo mbali.
Pembeni nimemwandikia mwalimu kwa mkono:
hasemi kidogo kwa sababu anajua kidogo.
Muulize, kisha hesabu hadi kumi
kabla hujalihamishia swali dawati la pili.

Mlangoni bibi anajitwisha mkungu.
Melkiori anatoa kiganja nje ya paa, anakiangalia,
anakirudisha, ananigeukia mimi.
Mvua ime, anasema.

Mvua ime.

Na mimi nimeegemea fremu ya mlango, funguo mkononi,
watoto wanne bado wako kwenye benchi.
Tatu. Nne.
Tano.